FUNDI MDOGO NA FEDHA ZA TABIANCHI

Haupiti mwezi sasa bila sisi kusikia habari za fedha zinazoahidiwa ulimwenguni kwa ajili ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2009, katika mkutano wa Copenhagen, mataifa tajiri yaliahidi kwamba ifikapo mwaka 2020 yatakuwa yakitoa dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi zinazoendelea. Ahadi hiyo ilitimia mwaka 2022, ikiwa imechelewa miaka miwili, tena kwa hesabu ya hao watoaji wenyewe. Mwaka 2024, mjini Baku, ikatolewa ahadi nyingine, ya dola bilioni 300 kila mwaka ifikapo mwaka 2035. Na kabla ya hapo, mwaka 2014, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika muda wa miaka kumi nchi zinazoendelea zingetia dola trilioni 6.4 katika nishati safi, maji na kazi nyingine za namna hiyo, na kwamba kazi zenye thamani ya dola trilioni 1.6 kati ya hizo zingeweza kufanywa na wafanyabiashara wadogo na wa kati.

Hizo ni hesabu kubwa, nasi hatuzidharau. Lakini yatupasa kuuliza swali ambalo kila raia ana haki ya kuliuliza. Katika fedha hizo zote, ni kiasi gani kitakachomfikia fundi wa Gerezani, mwenye nyundo, mkasi wa bati na vijana wawili wa kumsaidia? Ni kiasi gani kitakachomfikia mfinyanzi anayechoma udongo katika joko lake, au kijana aliyejifunza kufunga taa za jua vijijini na anayetembea kwa baiskeli kuzikarabati?

Twasema mapema maoni yetu, ili msomaji ajue tunakoelekea. Fedha za tabianchi zitazaa matunda katika nchi kama zetu iwapo zitamfikia fundi mdogo kama mtaji wa kufanyia kazi, kwa riba anayoiweza, kwa muda unaotosha, na chini ya sheria isiyogeuka kila mwaka. Zikipita juu ya kichwa chake, zitanunua mitambo ng'ambo, zitalipa wataalamu wa semina, na mwisho wake watu wetu watabaki wanunuzi wa vitu wasivyoweza kuvitengeneza wala kuvikarabati.

Wako watakaostaajabu kwamba twamtaja fundi wa bati katika jambo linalojadiliwa na wakuu wa mataifa. Hapana ajabu. Vitu vingi anavyohitaji mwananchi wa kawaida ili aishi katika dunia yenye joto zaidi ni vitu vidogo: jiko lisilokula mkaa mwingi, pampu ya kumwagilia mboga ukame unapozidi, tangi la kuvunia maji ya mvua, kaushio la jua la kuhifadhi embe na dagaa, mtambo wa kinyesi cha ng'ombe utoao gesi ya kupikia. Anayevitengeneza vitu hivyo, au anayeviuza mtaani, au anayevifufua vinapoharibika, ni mtu mwenye biashara ndogo. Kampuni kubwa hukileta kitu mpaka bandarini, au mpaka makao makuu ya mkoa. Haiendi Namtumbo kukaza parafujo iliyolegea.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi, wa jiko la mkaa.

Jiko la zamani la bati, ambalo mafundi wa Nairobi na wa Dar es Salaam walilifanya kwa mapipa na mabati mabovu, lilikuwa na kasoro kubwa. Joto lake lilipotea ubavuni na chini. Katika joto la mkaa uliowashwa, ni sehemu moja katika kumi, au mbili jiko likiwa zuri, iliyofika kwenye chakula. Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mjini Nairobi juu ya vyanzo vipya vya nishati, na tangu wakati huo Wizara ya Nishati ya Kenya, kwa msaada wa Marekani na pamoja na vyama vya hiari vilivyoungana chini ya KENGO, ikaishika kazi ya kutafuta jiko lililo bora. Wataalamu waliliangalia jiko la ndoo la Thailand, ambalo lina udongo wa kuchoma ndani yake. Majiko ya kwanza waliyoyatengeneza hayakufaa. Bati lilipopata moto lilitanuka, na udongo ukapasuka. Akina mama waliopewa kuyajaribu walizieleza kasoro zake bila kuficha. Mafundi wakarekebisha, wakajaribu tena, wakarekebisha tena. Hata wakafikia umbo ambalo leo kila mtu analijua: kiuno chembamba, bati nje, na bakuli la udongo lenye matundu katika nusu ya juu peke yake. Jiko hilo hufikisha kwenye sufuria robo ya joto au zaidi, na nyumba inayolitumia vema huokoa karibu theluthi ya mkaa wake.

Mwaka 1995 mtaalamu wa Marekani, Daniel Kammen, aliandika kwamba majiko zaidi ya 700,000 ya namna hiyo yalikuwa yakitumika nchini Kenya, na kwamba mafundi na karakana zaidi ya 200 walikuwa wakitengeneza majiko zaidi ya 13,000 kila mwezi. Bei yake, ambayo hapo mwanzo ilikuwa karibu dola 15, ilishuka chini ya dola 5 kadiri watengenezaji walivyoongezeka na kushindana. Umbo hilo likavuka mipaka, likaingia Tanzania, Uganda, Rwanda na kwingineko. Hapakuwa na kampuni kubwa iliyoyafanya hayo. Yalifanywa na watu wa jua kali, wale wa Shauri Moyo na wenzao, ambao mchana kutwa husikika wakigonga bati.

Yafaa tujifunze sababu za kufaulu huko, maana hakukuja kwa bahati. Kwanza, palikuwa na subira. Fedha za kujaribia zilitolewa kwa miaka kadhaa, na jiko lililopasuka halikuwa sababu ya kuifunga kazi. Pili, wataalamu hawakumnyang'anya fundi kazi yake. Fundi bati alibaki fundi bati, mfinyanzi akabaki mfinyanzi, kila mmoja akaongezewa ujuzi juu ya ujuzi aliokuwa nao. Tatu, jiko liliuzwa, halikugawiwa bure, na kwa hiyo aliyelitengeneza alikuwa na sababu ya kutengeneza la pili. Nne, mnunuzi alikuwa na faida aliyoiona mwenyewe mwisho wa mwezi, kopo la mkaa lilipochelewa kwisha. Habari za misitu na hewa zilikuwa za kweli, lakini mama mwenye nyumba aliliona kwanza lile lililo mfukoni mwake.

Hata hivyo hadithi hii ina upande wa pili, nao ndio uliotufanya tuandike leo. Umbo la jiko lilipokuwa mali ya wote, kila mtu aliliiga. Na katika walioiga walikuwamo waliotumia udongo mbaya, au walioukausha kwa haraka na kuuchoma kwa moto haba. Majiko hayo yalipasuka katika miezi michache, na mnunuzi aliyedanganywa hakumlaumu fundi mmoja, aliwalaumu mafundi wote. Hapakuwa na chombo chenye nguvu cha kupima na kutia alama kazi njema. Tena, mafundi wengi walibaki pale pale walipokuwa. Walikuwa na ujuzi, walikuwa na soko, lakini hawakuwa na mtaji wa kununua mashine ya kukatia bati, wala wa kujenga joko kubwa, wala wa kununua udongo na mabati kwa wingi. Mwaka 2014 kampuni ya Burn ilifungua kiwanda cha kisasa cha majiko karibu na Nairobi, kwa mtaji kutoka ng'ambo. Hatusemi hilo kwa wivu. Majiko yake yanapendwa, na Wakenya wengi, wanaume kwa wanawake, wamepata kazi humo. Twauliza tu kwa nini, katika miaka thelathini, fundi wa Shauri Moyo aliyelijua jiko kuliko mtu yeyote hakupata mkopeshaji wa kumwezesha kujenga hata nusu ya kiwanda kama hicho.

Mtu asiyeijua biashara aweza kudhani kwamba fundi amekosa bidii. Basi na tupige hesabu ya mfano. Tuseme vifaa vya jiko moja humgharimu fundi shilingi 9,000, na faida yake katika kila jiko ni shilingi 3,000. Mwenye duka anamwagiza majiko 500, naye atalipa miezi miwili baada ya kuyapokea. Fundi atahitaji shilingi 4,500,000 za vifaa, na mwezi mmoja wa kuyatengeneza. Mfukoni hana hata sehemu ya kumi ya fedha hizo. Akienda kwa mkopeshaji wa mtaani anayetoza asilimia 10 kwa mwezi, katika miezi mitatu atalipa riba ya shilingi 1,350,000. Faida yake yote katika majiko 500 ni shilingi 1,500,000. Atabakiwa na shilingi 150,000 kwa kazi ya robo mwaka, na likipasuka bakuli la udongo njiani, hata hizo hatazipata. Akipata mkopo wa asilimia moja na nusu kwa mwezi, riba yake itakuwa shilingi 202,500, naye atabakiwa na shilingi 1,297,500, ambazo zaweza kununua mashine au kumwajiri kijana wa tatu. Fundi ni yule yule, nyundo ni ile ile, jiko ni lile lile. Kilichobadilika ni bei ya fedha.

Hapo ndipo penye kidonda. Vyama vya kuweka na kukopa humpa mtu shilingi laki chache, ambazo zamtosha mama lishe lakini hazimtoshi mwenye karakana. Benki kubwa humtaka alete hati ya nyumba yenye thamani kupita mkopo wenyewe, pamoja na vitabu vya hesabu vya miaka iliyopita. Fundi amekuwa mkubwa mno kwa mlango mmoja na mdogo mno kwa mlango wa pili, akasimama uani. Na mifuko ya tabianchi ya kimataifa haina mlango kabisa kwa mtu kama yeye, maana maombi yake huandikwa kwa lugha ya kigeni, kwa kurasa nyingi, na kwa hesabu ya mamilioni ya dola. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hatusemi kwamba hapana lililojaribiwa. Mwaka 2012 kilifunguliwa mjini Nairobi kituo cha kuwasaidia wabunifu wenye biashara za tabianchi, kwa msaada wa Benki ya Dunia, Uingereza na Denmark. Kazi yake ilikuwa kuwapa wenye biashara changa ushauri, mafunzo na mtaji wa kuanzia, na vituo vya namna hiyo vikafuata Ethiopia, Ghana, Vietnam na visiwa vya Karibi. Hapa kwetu, benki ya CRDB ilikubaliwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2019, na mwaka 2021 ukapitishwa mpango wake wa dola milioni 200, nusu yake kutoka katika Mfuko huo, wa kuwakopesha wakulima kwa ajili ya zana za kukabiliana na ukame na mvua zisizotabirika. Hizo ni hatua njema. Zinaonyesha kwamba benki ya nyumbani yaweza kuzipokea fedha za nje na kuzigawa kwa vipimo vya nyumbani. Lililobaki ni kuhakikisha kwamba kipimo hicho kinashuka mpaka karakanani.

Jambo la pili linalomwumiza mwenye biashara ndogo ni sheria inayogeuka. Tuwatazame tena jirani zetu wa Kenya. Vifaa vya umeme wa jua vilikuwa vimesamehewa kodi ya ongezeko la thamani. Sheria ya mwaka 2013 ikaviingiza katika kodi ya asilimia 16. Mwaka 2014 vikasamehewa tena. Mwaka 2020 kodi ikarudishwa juu ya vifaa hivyo, na mwaka 2021 ikaondolewa kwa mara nyingine. Serikali ina haki ya kutoza kodi, maana barabara na shule hazijengwi kwa hewa. Lakini fikirini juu ya mfanyabiashara aliyekopa, akaagiza mzigo, na mzigo ungali baharini sheria ikageuka. Kampuni kubwa ina wanasheria, ina akiba, itangoja. Mdogo huuza kwa hasara, hufunga duka, na mkopo hubaki shingoni. Kodi ndogo inayojulikana kwa miaka kumi ni afadhali kwake kuliko msamaha wa mwaka mmoja.

Sasa na twende mbali kidogo, Bangladesh, nchi ambayo kama yetu ilikuwa na vijiji vingi visivyofikiwa na umeme kwa miaka mingi, na ambayo bahari na mafuriko huitisha kila mwaka. Mwaka 2003 shirika la fedha la Serikali ya nchi hiyo, liitwalo IDCOL, lilianzisha mpango wa mitambo midogo ya umeme wa jua ya majumbani. Halikuigawa lenyewe. Lilivikopesha vyama na mashirika ya vijijini, nayo yakaiuza mitambo kwa wanavijiji kwa malipo ya awali na mafungu ya kila mwezi kwa muda wa miaka michache. Aliyeuza ndiye aliyefunga, ndiye aliyekusanya fedha, na ndiye aliyewajibika kukarabati. IDCOL ilikagua kazi kabla ya kurudisha fedha kwa muuzaji, na ruzuku iliyotolewa ilipunguzwa kidogo kidogo kadiri bei ya mitambo ilivyoshuka. Hata kufikia mwaka 2018 nyumba zaidi ya milioni 4, zenye watu wapatao milioni 20, zilikuwa zimewashwa taa kwa njia hiyo, na vijana wengi walipata ufundi na mshahara wakiwa vijijini kwao.

Kisha mpango huo ukaanguka, na kuanguka kwake kuna fundisho kuliko kupanda kwake. Umeme wa gridi ulienea kwa haraka kuliko ilivyotangazwa, na wakati ule ule Serikali ikaanza kugawa mitambo ya jua bure kwa maskini kupitia idara nyingine. Jirani alipoona mwenzake amepewa bure kitu ambacho yeye anakilipia kila mwezi, aliacha kulipa. Vyama vilivyokuwa vimekopa ili kuuza vikakwama na madeni. Mkono mmoja wa Serikali ulikuwa ukijenga biashara, na mkono wa pili ukiibomoa, wala hapakuwa na mwenye nia mbaya. Kila idara ilikuwa ikitenda wema wake peke yake.

Fundisho hilo latuhusu sana sisi Watanzania leo. Mwezi wa Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wakipika kwa nishati safi. Katika mwezi huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris juu ya jambo hili, ambapo ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya Afrika. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa, na mitungi ya gesi ya kilo 6 imeuzwa vijijini kwa nusu bei kwa ruzuku ya Serikali. Shabaha hiyo ni njema, nasi twaiunga mkono. Moshi wa jikoni huua. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kabla ya wakati wao kwa sababu ya moshi wa majumbani. Na misitu yetu haiwezi kuilisha miji yetu mkaa milele.

Mtu atatuambia: mbona basi mnamsifu fundi wa jiko la mkaa, na jiko hilo linakwenda kuondoka? Swali hilo ni la haki. Jiko bora la mkaa hupunguza mkaa, halimalizi hewa yenye sumu, na nyumba isiyo na madirisha haiko salama kwa jiko hilo. Hatuombi lihifadhiwe kama mila. Tunaloomba ni kwamba mikono ile iliyolitengeneza isitupwe pamoja nalo. Gesi ya mitungi hutoka ng'ambo. Kila mtungi unaojazwa hupeleka fedha za kigeni nje, na faida yake kubwa hubaki kwa mwagizaji. Fundi bati wa Gerezani akiachwa hivi hivi, ndani ya miaka kumi atakuwa amepoteza soko lake pasipo kupewa lingine, na watoto wake watajifunza kwamba maendeleo ni kitu kinachowapata watu wengine.

Wala kazi za kumpa hazikosekani. Shule, magereza na hospitali zilizoagizwa kuacha kuni zinahitaji majiko makubwa ya gesi au ya mkaa mbadala, yenye vipimo, yanayoweza kuundwa hapa nchini. Wafugaji wa Arusha, Kilimanjaro na Mbeya wanahitaji mitambo ya gesi ya samadi. CAMARTEC ya Arusha imekuwa na ujuzi wa mitambo hiyo tangu miaka ya 1980, lakini mwashi wa kijijini anayeijenga hana mtaji wa kununua saruji kabla mteja hajalipa. Pumba za mpunga na maganda ya nazi yanaweza kushindiliwa kuwa mkaa mbadala, na mashine ya kushindilia ni kazi ya fundi chuma. Majiko ya umeme ya kisasa yatahitaji mafundi wa kuyakarabati kila wilaya.

Wako pia watakaosema kwamba wakopaji wadogo hawalipi. Watatukumbusha ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo sheria iliitenga kwa wanawake asilimia 4, vijana 4, na watu wenye ulemavu 2, pasipo riba. Mwezi wa Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na fedha zisizorudi. Ikaanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hatukanushi. Lakini kikundi hewa si fundi. Fundi ana karakana, ana majirani, ana wateja wanaomfahamu kwa jina. Aliyeandika majina ya watu wasiokuwapo hakuwa maskini aliyeshindwa kulipa, alikuwa mwizi, na dawa ya mwizi ni ukaguzi. Kumnyima fundi mkopo kwa ajili ya kosa la mwizi ni kumwadhibu asiyehusika.

Basi twatoa maoni yetu, wapimaji wapime.

Kwanza, fedha zozote zitakazoingia nchini kwa jina la tabianchi au la nishati safi ziwe na fungu maalumu, lililotajwa kwa tarakimu, kwa ajili ya mikopo ya karakana na biashara ndogo, na taarifa yake itolewe hadharani kila mwaka: nani alipewa, mkoa gani, kiasi gani, kimerudi kiasi gani. Dhamana isiwe hati ya nyumba peke yake. Hati ya oda iliyosainiwa na shule au duka ikubalike, na mashine yenyewe inayonunuliwa iwe dhamana ya mkopo wake.

Pili, Serikali na taasisi zake ziwe wanunuzi wa kwanza, na ziwe walipaji wa haraka. Shule ikiagiza majiko kwa fundi wa wilaya na kumlipa katika siku thelathini, itakuwa imemsaidia kuliko semina kumi. Ikimlipa baada ya mwaka, itakuwa imemfilisi.

Tatu, SIDO, ambayo iliundwa mwaka 1973 kwa kazi hii hii ya kuhudumia viwanda vidogo, pamoja na Shirika la Viwango, wawe na mahali pa kupimia katika kila mkoa, kwa ada ambayo fundi aiweza. Alama ya ubora iwe mali ya fundi mwema, imlinde na yule anayeuza udongo mbichi.

Nne, kodi na ruzuku zitangazwe kwa kipindi kirefu, na idara moja isigawe bure kitu ambacho idara nyingine imewakopesha watu wakiuze. Kama kuna maskini asiyeweza kununua, na wako wengi, apewe hati ya kupunguziwa bei, akanunue kwa fundi au duka la mtaani kwake. Hivyo maskini atasaidiwa, na biashara haitakufa.

Kwa ndugu zetu mafundi nao tuna neno, wala wasitukasirikie. Mkopo si zawadi. Anayetaka kuaminiwa sharti aandike hesabu, hata kama ni katika daftari la shule; atofautishe fedha za karakana na fedha za nyumbani; alipe kodi yake, na asiuze jiko ambalo yeye mwenyewe asingelipeleka kwa mama yake. Waungane katika vyama vya ushirika vya mafundi, wanunue mabati na saruji pamoja kwa bei ya jumla, na wamdhamini mwenzao wanayemjua, kisha wamkemee anayewaharibia jina. Fundi mmoja akienda benki huonekana mwombaji. Mafundi arobaini wenye vitabu safi huonekana wateja.

Wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Watu wetu wa jua kali wamechuma juani kwa miaka mingi, na jiko walilolifinyanga na kuligonga limepika chakula cha mamilioni ya Waafrika wa Mashariki. Kivuli bado hawajakiona. Miaka iliyobaki mpaka mwaka 2034 si mingi, na mipango ya matumizi ya fedha hizi inaandaliwa sasa maofisini. Twawaomba wenye kuiandika wapite Gerezani asubuhi moja kabla ya kutia sahihi, wawaulize mafundi bei ya bati, muda wa kulipwa, na riba wanayotozwa. Majibu watakayoyapata huko yaingizwe katika mipango hiyo.